Vibao vya Mpini Vyenye Mabawa ya Rubani: Anza na Mgongo

Ukiletewa jozi ya vibao vya mpini wa bastola vya plastiki angavu, na ndani yake mmelala mabawa ya fedha ya rubani wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jicho hukimbilia mabawa. Hapo ndipo pesa nyingi huteketea. Mabawa ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuongezwa baadaye: beji halisi za wakati wa vita bado zinapatikana sokoni, gundi ipo dukani, na kibao kitupu hupanda bei siku ileile kinapotiwa beji. Wanaoijua kazi hii hukigeuza kibao kwanza, wakakagua mgongo, matundu ya skrubu na kingo. Mbele huangaliwa mwisho.

Vingi vya vibao hivi vilitengenezwa kwa ajili ya bastola ya M1911A1, kaliba .45. Muundo wa asili ni wa John Browning, na jeshi la Marekani liliupitisha Machi 1911. Marekebisho yaliyoleta A1 yalikuja katikati ya miaka ya 1920. Wakati wa vita ilitengenezwa na Colt, Remington Rand, Ithaca, Union Switch & Signal, na Singer waliotoa 500 tu. Vibao vyake vya kiwandani wakati huo vilikuwa vya plastiki ya kahawia yenye michoro ya vipembe. Askari aliyetaka chake kiwe tofauti hakuhitaji fundi wa silaha. Alifungua skrubu nne, akatoa vibao viwili, akaweka vya kwake. Sokoni Marekani huitwa sweetheart grips, kwa kuwa vingi vilibeba picha ya mchumba au mke. Vyenye mabawa ya rubani ni tawi dogo la familia hiyo, na ndilo ghali.

Malighafi ilitoka kwenye ndege zenyewe. Akriliki, yaani hiyo plastiki angavu, ilikuwa imeingia sokoni miaka ya 1930: Plexiglas ya Röhm & Haas, Lucite ya DuPont, na Perspex ya ICI huko Uingereza. Ilitumika kwenye pua za ndege za mabomu za B-17 na B-24, kwenye kuba za bunduki, madirisha ya pembeni, na vifuniko vya marubani wa ndege za kivita. Ndege ikianguka au kifuniko kikipasuka, vipande vilibaki kwa mafundi wa uwanjani, na karatasi ya robo inchi, yaani milimita 6.35, inakaribiana mno na unene wa kibao cha 1911. Ndiyo maana kazi nyingi zilitoka kwa makanika na mafundi wa mabati kambini, wakafanyia wenzao kwa pesa au kwa kubadilishana sigara, na si kila mara kwa rubani mwenyewe. Muuzaji akisema rubani alikichonga kibao kwa mkono wake, mwachie hadithi yake. Na akikuambia plastiki ni ya ndege fulani ya adui iliyoangushwa siku fulani, usilipe hata senti kwa ajili ya maneno hayo, kwa sababu akriliki haibebi anwani.

Ipo hadithi nyingine inayosimuliwa kila mahali: kwamba kibao cha upande mmoja kiliachwa wazi ili askari aone risasi zilizobaki kwenye magazini. Fungua vibao vya 1911 yoyote uangalie. Kuta za fremu, yaani kiunzi cha bastola, ni chuma kizima pande zote mbili. Magazini imefichwa nyuma yake. Kupitia kibao angavu utaona rangi ya kijivu ya fremu na bushi mbili, vile vipande vya chuma ambamo skrubu hukazwa, basi. Muuzaji anayekueleza habari ya risasi labda hajawahi kufungua skrubu za bastola hii, na hilo nalo ni la kujua kabla ya kumwaga pesa.

Sasa tuje kwenye kazi ya mkono, maana kila hatua iliacha alama.

Fundi wa kambini alianza kwa kulaza kibao cha kiwandani juu ya akriliki na kukwaruza mstari kukizunguka. Akakata kwa msumeno wa chuma, akanyoosha kwa tupa, akatoboa matundu, kisha akalainisha kwa msasa, kutoka mkali hadi laini kabisa, na kumalizia kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba au dawa ya meno. Alichopaka mng'aro ni kinachoonekana. Ukingo unaokabili fremu, pembe za ndani na mgongo mara nyingi viliachwa na mikwaruzo ya tupa. Chini ya lenzi ya kukuza mara 10 mikwaruzo hiyo huonekana imepishana, mingine mirefu, mingine imekatika ghafla, kwa sababu mkono hubadili pembe. Mashine ya kisasa inayoendeshwa na kompyuta huacha duara ndogondogo zinazofanana kila moja. Ukingo uliokatwa kwa leza una mng'aro wa kuyeyuka na mistari myembamba iliyosimama wima kwa nafasi sawa, na leza yenyewe ilivumbuliwa mwaka 1960. Ukingo wa namna hiyo ukiuona, mazungumzo yameisha.

Kilaze kibao kifudifudi juu ya kioo bapa na ubonyeze pembe mojamoja kwa kidole. Kilichokatwa kwenye kifuniko cha ndege au kuba mara nyingi hucheza kidogo, kwa sababu plastiki ilikuwa imepindwa kwa joto kiwandani na mpindo ule haukutoka wote. Kinacholala sawasawa hakihukumiwi kwa hilo, kwani madirisha bapa yalikuwepo pia. Kucheza ni alama nzuri. Kutulia hakusemi kitu.

Matundu ndiyo yanayosema zaidi. Skrubu za 1911 zina kichwa chenye kitako bapa, na kiwandani tundu hupanuliwa kwa ngazi: jembamba katikati, pana na bapa upande wa mbele ili kichwa kikae, na pana tena mgongoni ili kibao kivae bushi iliyosimama kwenye fremu. Umbali kati ya vitovu vya matundu mawili ni inchi 3.074, kama milimita 78. Pima kwa venia, kile kipimo cha kubana. Kazi ya mkono hukosea sehemu ya milimita, na fundi akarekebisha kwa kupanua tundu moja kwa tupa ya mviringo hadi likawa na umbo la yai. Kibao ambacho matundu yake ni duara kamili na umbali wake haujakosea hata chembe kilitoka kwenye mashine, au kwenye mkono mzuri sana. Kwanza fikiria mashine.

Wengi kambini hawakuwa na keke ya kutengeneza ngazi bapa. Walitumia keke ya kawaida yenye ncha, tundu likawa na mteremko badala ya ngazi, na kichwa bapa cha skrubu kikakaa juu ya ukingo wake tu. Ukikaza, nguvu yote inakwenda kwenye ule mduara mwembamba, na akriliki haipendi hivyo. Ndiyo sababu vibao halisi vina vijiufa vinavyotoka kwenye tundu kama miale, hasa tundu la chini. Keke ya chuma nayo hung'ata akriliki inapotokea upande wa pili na kumega ukingo. Angalia mgongoni kama kuna mmegeko wa umbo la gamba la kombe karibu na tundu. Na aliyetoboa kwa kasi aliunguza plastiki: ndani ya tundu utaona ukungu mweupe na vinyuzi vilivyoyeyuka vikagandamana. Vyote hivyo ni kasoro za ufundi, na katika ukusanyaji huu kasoro za namna hiyo hupandisha imani.

Kibao cha kushoto kina mtihani wake. Upande huo fremu ina mrija mdogo wa kipusha, ule unaobeba springi ya kufuli la kidole gumba na ya kizuizi cha slaidi. Kibao cha kiwandani kimechongwa nafasi ya mrija huo na kinaukumbatia usiinuke. Cha mkono lazima kiwe na nafasi hiyo pia, la sivyo hakikai kwenye bastola. Kisicho na nafasi kabisa hakikuwahi kuvaliwa na 1911. Chenye nafasi pana kupita kiasi kilivaliwa, ila mrija uliachwa bila egemeo. Misumari yake ikilegea, mrija huinuka na kufuli la usalama linaweza kukwama. Ukiona nafasi hiyo imechongwa kwa tupa kidogokidogo, na karibu yake pana mchubuko wa kijivu wa chuma, hiyo ni dalili njema sana. Mchubuko huo wa kijivu hutafutwa pia mgongo mzima: rangi ya fosfati ya fremu za wakati wa vita huacha alama kwenye akriliki mahali ambapo viligusana, na kuzunguka tundu la nyuma kuna pete iliyokandamizwa na bushi. Kibao kisicho na alama ya chuma popote ni cha kapu, hata kikiwa kizee.

Marubani wa jeshi la majini walibeba zaidi bastola ya mzunguko, Smith & Wesson Victory Model ya .38 Special, yenye herufi V mbele ya namba. Vibao vyake ni umbo jingine kabisa: skrubu moja inayopita katikati, na pini ndogo ya fremu chini inayokishika kibao kisizunguke. Vya akriliki vipo, ila ni vichache kuliko vya 1911. Mabawa ya majini ni ya rangi ya dhahabu, yana nanga na ngao katikati. Mabawa ya majini kwenye vibao vya 1911 hayakatazwi na mantiki, lakini yanahitaji maelezo mazuri zaidi.

Sasa mabawa yenyewe. Jeshi la Anga la Marekani lilipata jina la Army Air Forces Juni 1941, na likawa tawi huru Septemba 1947. Beji za kipindi hicho zilitolewa kwa saizi tofauti: ya inchi 3 kwa koti, ya inchi 2 kwa shati, na ndogo za inchi 1 au zaidi kidogo walizopewa wachumba na akina mama. Hapa hesabu rahisi inaokoa pesa. Kati ya vitovu vya skrubu kuna milimita 78. Toa nusu ya kichwa cha skrubu kila upande, unabaki na kama milimita 71. Beji ya inchi 3 ni milimita 76. Haiingii kwa urefu kati ya skrubu mbili. Fundi alilazimika kuilaza mshazari, au kuikata ncha, au kutumia ya inchi 2 iliyotoshea bila shida, au ile ndogo kwa upana. Kwa hiyo ukiletewa kibao chenye beji kubwa iliyosimama wima vizuri katikati, pima tena: ama beji ni ndogo kuliko unavyoambiwa, ama kibao ni kirefu kuliko cha 1911, ama matundu hayakutobolewa kwa ajili ya bastola yoyote.

Si kila bawa ni la rubani, ingawa wauzaji huyaita yote hivyo. La rubani lina ngao katikati. Likiwa na nyota juu ya ngao ni la rubani mwandamizi, na nyota ndani ya shada ni la rubani wa ngazi ya juu kabisa. Bomu juu ya shabaha ni la mdondosha mabomu. Tufe la pete zinazopishana ni la navigeta. Risasi yenye mabawa ni la mpiga bunduki wa angani. Herufi L, G au S kwenye ngao ni marubani wa ndege za uhusiano, wa glaida, na wa huduma. Wapo pia waliotumia alama ya ukosi ya Jeshi la Anga, yaani propela yenye mabawa, ambayo kila ofisa wa anga aliivaa hata kama alikuwa karani wa stoo. Hiyo ndiyo ninayoikuta zaidi kwenye vibao halisi: ni ndogo, inaingia bila kukatwa, na ilipatikana kirahisi. Inadharauliwa sokoni kwa sababu si bawa la rubani. Mimi naiamini zaidi, kwa kuwa hakuna anayepata faida kubwa kwa kuighushi.

Beji nyingi za rubani za wakati ule ni fedha, zimegongwa neno STERLING mgongoni, na nyingine jina la mtengenezaji: Meyer wa New York, Amcraft na Robbins wa Attleboro, Gaunt wa London, Angus & Coote na Luke huko Australia. Alama ya namba na herufi kama 22M ni ya Meyer wa baada ya vita. Ikionekana kwenye kibao cha “1944”, kimetiwa beji baadaye. Tatizo ni kwamba beji ikiwa imezama kwenye plastiki huwezi kuusoma mgongo wake mpaka kibao kitoke kwenye fremu, na wauzaji wengine hawataki kifunguliwe. Usinunue kibao ambacho hujaruhusiwa kuona nyuma yake. Picha ya mgongo iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni inatosha kama mpo mbali.

Beji halisi ilipigwa kwa nyundo ya mashine kwenye kalibu ya chuma, hivyo manyoya yana kingo kali. Nakala iliyomiminwa ina manyoya yaliyofifia, vitundu vidogo kwenye mabonde, na husinyaa ikipoa, kwa hiyo ya inchi 3 hupima milimita 74 au 75. Sumaku haitasaidia kutambua fedha, ila itakufichulia chuma.

Jinsi beji ilivyoingizwa ni habari ndefu. Njia ya kawaida ilikuwa kuchimba kitanda mgongoni mwa kibao, kukata pini za beji, kuilaza kifudifudi ili sura yake ionekane kupitia mbele, kisha kuifunika kwa rangi, kadibodi, au kipande cha bati. Fremu yenyewe iliizuia isitoke. Angalia visiki vya pini zilizokatwa: vinatakiwa viwe vyeusi sawa na beji nzima. Visiki vinavyong'aa juu ya beji iliyofubaa vimekatwa majuzi. Kitanda nacho kisome: cha patasi au cha keke iliyosogezwa tundu kwa tundu kina sakafu ya mawimbi, cha mashine ya kisasa kina sakafu bapa na pembe za mviringo zinazolingana.

Njia ya pili ni beji juu ya uso wa kibao, pini zikapitishwa kwenye matundu na kupindwa nyuma. Ni kazi halali ya kambini, lakini ni rahisi kuigiza leo kwa dakika chache, kwa hiyo hapa alama za mkono wa mtumiaji ndizo hakimu. Beji iliyokaa juu ya mpini uliovaliwa na kuvuliwa kwenye mkoba wa bega hulika kwenye kilele cha ngao na ncha za mabawa, na plastiki inayoizunguka hukwaruzika huku ile iliyo chini ya ncha ikibaki safi. Ukiona uso wote una mikwaruzo ya kina kimoja, hadi chini ya beji, mikwaruzo ilikuja kabla ya beji.

Njia ya tatu ni tabaka mbili za akriliki zilizounganishwa, beji katikati. Ziliunganishwa kwa kiyeyusho kama klorofomu au asetoni, wakati mwingine kilichochanganywa na unga wa akriliki. Kwa lenzi, ukitazama ubavuni, utaona mstari wa muungano, na mara nyingi mapovu bapa yaliyobanwa. Bila mstari wowote, na plastiki imeizunguka beji pande zote, umeshika resini ya kumiminwa, plastiki ya majimaji inayoganda, ambayo ikawa kitu cha mafundi wa nyumbani baada ya vita. Povu lake ni duara kamili, na hukaa chini ya kingo za beji ambako hewa ilinaswa.

Gundi ina tarehe zake. Gundi kali ya matone, sainoakrilati, iligunduliwa wakati wa vita lakini ilianza kuuzwa mwaka 1958. Inapokauka hutoa mvuke unaotua kama ukungu mweupe kuzunguka kitu kilichogandishwa. Ukungu huo ukizunguka mabawa, beji iliwekwa baada ya 1958, hata kama kibao ni cha 1943. Epoksi ya kawaida nayo ni ya baada ya vita, na huzeeka kwa kugeuka manjano.

Tukiwa kwenye manjano: wauzaji hupenda kusema plastiki “imekuwa ya njano kwa uzee”. Akriliki safi ni ngumu kugeuka manjano, ndiyo maana ilifaa kwenye ndege. Kibao cha manjano iliyokolea ni bora ukishuku kuwa ni resini, au seluloidi. Seluloidi ina harufu ya kafuri ukiisugua kwa kidole mpaka ipate joto. Usijaribu sindano ya moto kamwe, ingawa utaambiwa ni kipimo cha kale: kwenye akriliki utaacha shimo lisilofutika, na kwenye seluloidi utawasha moto mkononi.

Panapokuwa na picha upande wa pili wa jozi, tochi ya UV, mwanga wa urujuanimno, ya nanomita 365 ni kifaa chenye thamani kuliko vyote mezani. Karatasi za picha zilianza kutiwa kemikali ya weupe mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kemikali hiyo huwaka buluu nyeupe gizani. Toa kibao, piga mwanga kutoka mgongoni moja kwa moja kwenye karatasi, kwa kuwa akriliki nyingine huzuia mionzi hiyo na utadanganyika kuwa picha imefaulu. Ikiwaka, si ya vita. Isipowaka, bado hujathibitisha chochote, umeondoa tu kosa moja.

Usiivute picha iliyoganda kwenye plastiki. Unyevu huilainisha ngozi ya jelatini, nayo ikikauka hushikana na akriliki na kung'aa kama kioo. Ukivuta, uso wa mtu unabaki kwenye kibao na karatasi tupu inabaki mkononi. Doa la mafuta ya silaha kwenye picha liache. Huo ni ushahidi.

Kufungua skrubu kuna ajali moja inayojirudia. Bushi zimezungushwa kwenye fremu na kukandamizwa, lakini kwa miaka hulegea, na ukifungua skrubu, bushi hutoka nayo. Kwenye kibao cha mbao ni usumbufu tu. Kwenye akriliki ya miaka 80, bushi ikizunguka ndani ya tundu lililobana itapasua kibao hadi ukingoni. Tumia bisibisi ambayo ncha yake inajaza mfereji wa skrubu wote, zungusha robo, utazame kupitia plastiki kama bushi inageuka. Uzuri wa kibao angavu ni huo, unaona. Ikigeuka, simama. Fungua skrubu nyingine kwanza, kisha hiyo mbovu izungushe polepole huku kibao kikiwa huru kuinuka pamoja nayo, na uitenganishe skrubu na bushi baadaye kwenye jiriwa yenye midomo laini. Wakati wa kurudisha, skrubu ikishagusa, ongeza kidogo sana na uache. Na usipige risasi na vibao hivi. Mshindo wa .45 haukuvihurumia hata vilipokuwa vipya.

Swali linalofuata ni kama vibao viwe juu ya bastola au peke yake. Bastola ilikuwa mali ya serikali. Ilirudishwa, na vibao vya kiwandani vikarejeshwa kabla. Vibao vya akriliki vilikuwa mali ya mtu, vikaenda nyumbani mfukoni. Kwa hiyo jozi isiyo na bastola ndiyo hali ya kawaida. Ukiletewa bastola kamili, tafuta kwenye fremu alama za karakana zilizokarabati silaha baada ya vita: AA ya Augusta, RIA ya Rock Island, SA ya Springfield. Bastola iliyopita huko ilivuliwa kila kitu. Vibao vya akriliki vilivyo juu yake leo viliwekwa na mtu mwingine baadaye, na bei ya “seti kamili” haina msingi.

Usafi: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni laini ya vyombo, kitambaa cha pamba. Kama kuna picha au karatasi, usitumie maji, futa mbele tu kwa kitambaa kilicholowa kidogo. Dawa ya vioo yenye amonia, spiriti, asetoni, petroli na dawa za kusafishia mitutu huleta vijiufa vingi vinavyoenea kama utando, na haviondoki tena. Vijiufa hivyo vikiwa kwenye kingo za ndani karibu na fremu, vinaonyesha kibao kiliishi kwenye silaha iliyokuwa ikisafishwa, usijaribu kuving'arisha. Weusi wa fedha uache pia. Hifadhi kwenye mfuko wa polithini au karatasi isiyo na asidi, kamwe si kwenye mifuko laini ya PVC, ambayo mafuta yake huhamia kwenye akriliki na kuifanya inate. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Muscat, vifuko vya silika ndani ya boksi linalofunga ni lazima, na vibadilishwe vinapojaa unyevu. Seluloidi isikae boksi moja na fedha: ikioza hutoa asidi inayokula chuma.

Jina likichorwa kwenye kibao, kazi ya karatasi huanza. Ripoti za wafanyakazi wa ndege waliopotea zimo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Marekani na zinasomeka. Faili za utumishi ni jambo jingine: moto wa Julai 1973 huko St. Louis uliteketeza takriban asilimia 80 ya faili za askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960, na watu wa Army Air Forces wamo humo. Wauzaji wanaujua moto huo vizuri. Husema “faili liliungua” kana kwamba majivu yanathibitisha madai yao. Hati za malipo ya mwisho zilinusurika nyingi, na jina lisiloonekana kokote, wala kwenye malipo, wala kwenye orodha za vikosi, linabaki jina lililochorwa kwenye plastiki.

Kisheria, Marekani huhesabu fremu kuwa ndiyo silaha, na vibao ni vifaa tu. Nchi nyingine hazifuati hivyo, na ofisa wa forodha anaweza kukihesabu kibao kuwa sehemu ya silaha. Uliza kwa maandishi kabla ya kutuma au kubeba. Vibao vya pembe ya ndovu vyenye mabawa yaliyopachikwa viacheni hukohuko. Tangu biashara ya kimataifa ya pembe ilipopigwa marufuku, uamuzi wa mwaka uleule wa 1989 ambao Kenya ilichoma tani 12 za pembe, hakuna njia ya mkato ya kuvuka navyo mpaka.

Jozi nyingi si jozi. Kibao cha kushoto na cha kulia vilipotezana, mmoja akanunua hiki Ohio na kile Texas, akaviweka pamoja. Vilaze ubavu kwa ubavu juu ya karatasi nyeupe: rangi ya plastiki ikitazamwa kwa ukingo itakuambia kama vilitoka kwenye karatasi moja, kwani kimoja kitakuwa na ukijani kidogo na kingine ukijivu. Unene pimeni sehemu tatu. Mteremko wa matundu ufanane, na alama za tupa zielekee upande uleule kwa mkono uleule. Visipolingana, lipia kimoja, na kingine kichukue kama nyongeza.